Ngozi ya Bati: Vita vya Pili vya Dunia Vilivyobadilisha Kopo la Chakula

Kopo la maharage au la nyanya lililopangwa kwenye rafu ya duka ni chuma. Likwaruze kwa msumari utakifikia: chuma kilichoviringwa hadi kikawa bamba la unene wa robo milimita hivi. Juu ya bamba hilo, ndani na nje, kuna ngozi ya metali nyeupe, na metali hiyo ni bati. Nasema bati lenyewe, lile linalochimbwa Kyerwa mkoani Kagera na Manono nchini Kongo. Mabati ya kuezekea nyumba ni habari nyingine, kwa kuwa ngozi yake ni zinki, nayo hukilinda chuma kwa namna tofauti kabisa, kama tutakavyoona.

Mwanzoni mwa mwaka 1942 Marekani ilikuwa na askari waliotawanyika kuanzia Iceland hadi Australia, na washirika waliotegemea shehena zake za chakula. Nyama, samaki, maziwa na mboga vilisafiri ndani ya makopo kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuvivusha bahari na kuviweka miezi kadhaa kwenye joto bila kuharibika. Katika miezi hiyohiyo nchi ikapoteza sehemu kubwa ya bati lake. Viwanda vya chuma vikajibu kwa kupunguza bati kwenye makopo mengi kwa zaidi ya nusu, na makopo yakaendelea kufanya kazi.

Kwa kawaida habari hii husimuliwa kwa sentensi moja: walianza kupaka bati kwa umeme. Ni kweli, lakini sentensi hiyo inaficha karibu kila jambo la maana. Kupaka metali kwa umeme kulijulikana tangu karne ya 19. Ugumu ulikuwa kuishi na matokeo yake, maana ngozi nyembamba huja na matundu, huja ikiwa imefifia, na haifai kwa kila chakula. Vita havikuivumbua teknolojia hii. Viliwalazimisha watu kuyatatua matatizo yake yote kwa mkupuo, katika wakati ambapo kila kitu kingine nacho kilikuwa adimu.

Bati lilivyokatika

Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilisalimu amri mbele ya jeshi la Japani. Malaya yote ilikuwa imekwisha kuanguka. Mwezi uliofuata Waholanzi nao wakasalimu amri katika koloni lao la Indonesia, pamoja na visiwa vya Bangka na Belitung, ambavyo utajiri wake mkubwa ni bati. Malaya peke yake ilikuwa ikitoa karibu theluthi moja ya bati la dunia. Ukijumlisha visiwa hivyo na Thailand, zaidi ya nusu ya bati lote lilikuwa sasa mikononi mwa Japani.

Marekani ndiyo iliyokuwa mtumiaji mkubwa kuliko wote, na ardhini mwake hapakuwa na bati la maana. Hata tanuru la kuyeyushia madini hayo haikuwa nalo. Mawe ya bati ya Bolivia, ambayo yangeweza kuifaa, yalizoea kupelekwa Uingereza kuyeyushwa. Serikali ilikuwa imeanza kuweka akiba na kujenga tanuru lake huko Texas City, pwani ya Texas, nalo likaanza kazi mwaka 1942. Lakini tanuru haliongezi madini yaliyopo duniani.

Bati lilitakiwa pia kwingine. Beringi za injini zilikuwa na bati ndani yake, shaba nyeusi ya vali na mabomba ilikuwa na bati, na kila kiungo cha waya ndani ya redio ya ndege kililehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Hata hivyo mtumiaji mkubwa alikuwa chuma cha makopo. Ukitaka kuokoa bati kwa wingi, pa kuanzia ni hapo.

Hatua ya kwanza ilikuwa amri tu. Kuanzia Februari 1942, bodi ya serikali iliyosimamia uzalishaji wa vita iliorodhesha vitu vilivyostahili kopo na visivyostahili. Bia ya kuuzwa kwa raia ilikatazwa kutiwa kwenye kopo, chakula cha mbwa vilevile. Wiki chache baadaye, aliyetaka dawa ya meno alitakiwa kurudisha tyubu ya zamani ndipo auziwe mpya, kwa kuwa tyubu za wakati huo zilitengenezwa kwa bati. Amri za namna hii zilisaidia, lakini zilipunguza idadi ya makopo na kuliacha bati la kila kopo pale pale lilipokuwa.

Bati linakilinda chuma kwa njia gani?

Hapa ndipo wengi hupotea, nami naomba msomaji asiparuke, kwa sababu maamuzi yote ya kiwandani yanatokana na jambo hili.

Kutu ni kazi ya umeme mdogo. Chuma kikiwa na unyevu na oksijeni, atomu zake hupoteza elektroni na kugeuka kutu. Metali mbili zikigusana mahali penye unyevu, moja huwa mwepesi zaidi wa kutoa elektroni, nayo ndiyo huliwa huku mwenzake akisalimika. Zinki ni nyepesi kuliko chuma. Ndiyo maana bati la paa likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza na chuma hakioti kutu upesi. Bati liko kinyume. Mbele ya hewa na maji, chuma ndicho chepesi wa kuliwa. Kwa hiyo upande wa nje wa kopo, bati hulinda kwa kufunika tu. Pakiwa na tundu dogo, chuma kilicho chini yake huota kutu, tena kwa kasi kuliko kama bati lisingekuwepo, kwa sababu eneo lote la bati linalokizunguka huvuta elektroni kutoka kwenye doa hilo moja.

Ndani ya kopo lililofungwa mambo hugeuka. Oksijeni karibu imekwisha. Asidi za matunda na mboga, kama ile ya limau au ya tofaa, hushikamana na ioni za bati, yaani atomu zake zilizopoteza elektroni, mara zinapotoka kwenye metali, na kwa kuziondoa hivyo huzidi kulivuta bati liyeyuke. Katika hali hiyo bati huwa jepesi kuliko chuma. Sasa bati ndilo linaloliwa, polepole mno, na chuma kinabaki salama hata pale penye tundu. Kopo la nanasi au la nyanya ambalo ndani halikupakwa laka, yaani rangi ya kukinga kama vanishi, hulindwa na bati linalojitoa kidogo kidogo kwa miezi na miaka.

Kwa hiyo kopo moja lina ngozi mbili zenye kazi mbili. Ya nje inahitaji kuwa kamili, isiyo na matundu, wala si lazima iwe nene. Ya ndani, kwa vyakula vyenye asidi, inahitaji akiba, yaani unene, kwa kuwa inatumika. Mbinu ya zamani ya kupaka bati haikuweza kutenganisha mahitaji hayo mawili.

Chungu, mawese na pumba

Mbinu hiyo ilikuwa kuchovya. Wales ya kusini ilijipatia jina kwa kazi hii tangu karne ya 18, na mji wa Llanelli ulijaa viwanda vyake. Marekani ilianza kuvijenga vyake kwa wingi baada ya ushuru wa forodha wa mwaka 1890 kufanya bidhaa ya Wales iwe ghali.

Bamba la chuma lilikatwa vipande, likaoshwa kwa asidi ya salfa hadi kutu na magamba yote yatoke, kisha kipande kimoja kimoja kikashushwa kwenye chungu cha bati lililoyeyuka. Bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 za Selsiasi, si joto kubwa kwa mtu wa kiwanda cha chuma. Mlangoni mwa chungu palikuwa na chumvi ya zinki iliyoyeyuka, ya kusafisha chuma dakika ya mwisho ili bati lishike. Upande wa kutokea palikuwa na mafuta ya mawese yenye joto, na ndani ya mafuta hayo rola zilizobana bamba na kukamua bati lililozidi. Mawese yalizuia hewa isiligeuze bati kuwa oksidi na kulifanya litiririke sawasawa. Mwisho, bamba lilipitishwa kwenye pumba za ngano kufutwa mafuta.

Mawese hayo yalitoka Afrika ya Magharibi na Kongo, na kufikia miaka ya 1930 yalitoka kwa wingi Sumatra pia. Sumatra ilipoanguka, viwanda vilipata pigo la pili katika kazi ileile: bati limepungua, na mafuta ya kulipakia yamepungua.

Udhaifu wa kuchovya ni kwamba unene wa ngozi unaamuliwa na rola, mafuta na mkono wa fundi. Zikaze rola sana, utapata sehemu zenye bati na sehemu zilizo tupu. Kabla ya vita bamba la kawaida la makopo lilibeba kama gramu 33 za bati kwa kila mita ya mraba, ukihesabu pande zote mbili. Wakati wa vita mafundi walijitahidi wakafika gramu 28. Chini ya hapo ngozi ilianza kukosa usawa, na kopo likawa bahati nasibu.

Kupima bati kwa ampea

Katika umeme, kiasi cha metali kinachojipaka kinafuata kiasi cha umeme uliopita. Michael Faraday alilionyesha hilo katika miaka ya 1830. Kila saa moja ya ampea moja huweka kama gramu 2.2 za bati, ikiwa bati liko majini katika umbo la ioni yenye chaji mbili. Ukijua ampea na ukijua kasi ya chuma, umejua unene. Rola hazina la kuamua tena. Ngozi ya gramu 11 kwa mita ya mraba, chini ya nusu ya ile ya kuchovya, inakuwa jambo la kuzungusha swichi.

Kwa nini basi haikutumika mapema? Kwa sababu kupaka kipande kimoja kimoja kwa umeme ni kazi ya polepole na ya gharama. Faida inaonekana tu chuma kinapokuja kama utepe mrefu usiokatika, wenye uso laini na unene sawa. Chuma cha namna hiyo kilianza kupatikana kwa wingi baada ya mitambo ya kuviringa utepe mfululizo kujengwa Marekani katika miaka ya 1920, ikifuatiwa na mitambo ya kuuviringa ukiwa baridi. Ujerumani, ambayo haikuwa na bati wala fedha za kigeni za kulinunulia, ilitangulia: kiwanda cha Rasselstein, kando ya mto Rhine, kilianza kupaka utepe kwa umeme mwaka 1934. Nchini Marekani kampuni ya U.S. Steel ilikuwa ikijaribu mfumo wake huko Gary, jimbo la Indiana, kabla ya vita kuifikia. Singapore ilipoanguka, michoro ilikuwepo tayari. Palikosekana sababu ya kutosha ya kuijenga mitambo hiyo kwa wingi, na sasa sababu ilikuwa imekuja.

Tuufuate utepe. Koili nzito inafunguliwa upande mmoja wa mtambo, na mwisho wake unachomelewa kwenye mwanzo wa koili inayofuata, ili chuma kisikatike kamwe. Kulehemu kunahitaji utepe usimame, lakini katikati ya mtambo hauruhusiwi kusimama hata kidogo. Kwa hiyo panachimbwa shimo refu ambamo utepe uliolegezwa hujikusanya kwa mikunjo. Fundi anapochomelea, mtambo unakula akiba ya shimoni.

Utepe unaoshwa kwa dawa kali ya kuondoa mafuta, kisha kwa asidi, na kusuuzwa baada ya kila hatua. Usafi hapa una uzito kuliko ulivyokuwa kwenye kuchovya. Bati lililoyeyuka liliweza kutiririka na kufunika doa dogo la uchafu. Bati linalokuja kwa umeme huliacha doa hilo tupu, likawa tundu.

Kisha utepe unaingia kwenye matangi. Katika mfumo wa Gary ulipanda na kushuka wima kati ya nondo za bati zilizoning'inizwa. Rola zinazogusa utepe zinaupa umeme hasi, nondo zina umeme chanya, na kati yao kuna maji yenye asidi itokanayo na fenoli, yakiwa na ioni za bati. Bati linatoka kwenye nondo, linapita majini, linakaa juu ya chuma. Huongezwa pia kemikali maalumu kwa kiasi kidogo, kwa sababu bila hiyo bati huota kama sindano na matawi badala ya kulala bapa.

Nimejaribu kukokotoa umeme wenyewe, na hesabu inashtua. Chukua utepe wa upana wa sentimeta 75 unaokimbia mita 150 kwa dakika, na ngozi ya gramu 11.2 kwa mita ya mraba. Kila dakika unahitaji kuweka zaidi ya kilo moja na robo ya bati. Hiyo ni ampea zipatazo 34,000, mfululizo, usiku na mchana. Kulikuwa na mfumo mwingine uliotumia maji ya alkali badala ya asidi. Huo haukula sana vyombo, lakini ioni zake za bati zina chaji nne badala ya mbili, kwa hiyo ulidai umeme maradufu kwa bati lilelile. Mfumo wa tatu, uliotumia chumvi za kloridi na floridi, ulitengenezwa na DuPont na kujengwa katika kiwanda cha Weirton huko West Virginia. Huo ulilaza utepe na kuupaka upande mmoja kisha mwingine, kwa kasi kubwa. Mifumo yote mitatu ilijengwa wakati wa vita, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kungoja kuona upi ungeshinda.

Utepe unapotoka matangini umefifia. Bati limekaa kwa chembechembe ndogo, rangi ya kijivu isiyong'aa. Wanunuzi walizoea makopo yanayometa, lakini tatizo halikuwa urembo. Kati ya chembe na chembe mna nafasi, na bati hilo halijashikana barabara na chuma. Dawa yake ni kuliyeyusha tena palepale juu ya utepe unaokimbia, kwa muda mfupi mno, kisha kulizamisha kwenye maji. Linapoyeyuka hutiririka na kuziba vinyweleo vingi, na mahali linapokutana na chuma panaundwa tabaka jembamba la mchanganyiko wa bati na chuma. Tabaka hilo ndilo linaloifunga ngozi kwa mwenyeji wake.

Lakini utawezaje kupasha moto chuma kinachokimbia mita mbili na nusu kwa sekunde? Kwa utepe tuliouchukua kama mfano, joto linalotakiwa kuingia kwenye chuma ni kama kilowati 400, kabla ya kuhesabu linalopotea njiani. Ukizidisha kidogo, bati linabadilika rangi. Ukipunguza, linabaki kijivu. Njia moja ilikuwa kupitisha umeme ndani ya utepe wenyewe kati ya rola mbili, ujipashe moto. Njia nyingine, ninayoiona nzuri kuliko zote, ilitoka kwa wahandisi wa Westinghouse. Walichukua vali kubwa za kioo kama zile za vituo vya kurushia matangazo ya redio, wakazifanya ziendeshe mkondo wa umeme unaogeukageuka kwa kasi ya mawimbi ya redio ndani ya koili ya shaba. Utepe ulipita katikati ya koili bila kuigusa. Mkondo ukazuka ndani ya chuma, tena karibu na uso, kwa kuwa umeme wa kasi hiyo hauzami ndani. Bati likayeyuka huku hakuna chombo kilichogusa uso wake. Ukitazama, unaona mstari mmoja kuvuka utepe: upande mmoja wa mstari kijivu, upande wa pili kioo.

Baada ya hapo utepe hupakwa mafuta kidogo sana, wakati ule ya mbegu za pamba, ili mabamba yasikwaruzane. Matundu hutafutwa kwa taa na jicho la kielektroniki wakati utepe unapita, na chuma kinakatwa.

Ngozi iliyobaki juu yake ina unene wa chini kidogo ya sehemu moja ya elfu ya milimita kila upande. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara tisini hivi. Tani moja ya bati, iliyokuwa ikifunika mita za mraba kama 35,700 kwa kuchovya, sasa ilifunika zaidi ya 89,000.

Nani apewe ngozi nyembamba

Rudi sasa kwenye zile kazi mbili za bati. Vyakula vikavu na visivyo na asidi havili bati. Biskuti, kwa mfano, zinahitaji kopo lisiote kutu tu. Hivyo vilihamishiwa kwenye ngozi nyembamba mapema. Nyama na mboga nyingi zilifuata, lakini ndani ya kopo pakapakwa laka, kwa kuwa salfa iliyomo kwenye vyakula hivyo hulitia bati weusi. Laka ilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na unene. Matunda na nyanya vilibaki muda mrefu kwenye bamba la kuchovya, maana huko bati ni akiba inayoliwa.

Laka haikukubali kirahisi kukaa juu ya uso mpya, wala kulehemu ubavu wa kopo hakukuwa kama zamani. Risasi ya kulehemia nayo ilipunguziwa bati, na mahali pengine fedha kidogo ilichanganywa na risasi nyingi badala yake. Mtu akisoma kwamba nchi fulani ilibadilisha makopo yake vitani, akumbuke kwamba kila kiwanda cha kusindika kilibadilisha pia gundi, moto, wino na mashine za kukunjia.

Ngozi haikuwa kila kitu, na jeshi la Uingereza lilijifunza hivyo jangwani Libya. Petroli yake ilisafirishwa kwenye madebe mepesi ya galoni nne, ndugu wa debe la mafuta ya taa ambalo Afrika Mashariki inapimia mahindi hadi leo. Bamba lilikuwa jembamba na mishono dhaifu. Mafuta mengi yalivuja mchangani kabla ya kufika kwenye gari, hadi Waingereza walipoiga dumu imara la Wajerumani.

Raia wa Marekani waliombwa wakusanye makopo matupu, wayaoshe, wayabonde na kuyarudisha, ili bati litolewe kwa magadi makali na kutumika tena. Katika bamba la kuchovya bati ni kama asilimia 1.4 ya uzito wote. Katika bamba la umeme ni chini ya nusu ya hapo. Kadiri kiwanda kilivyofaulu kupunguza bati, ndivyo kopo kuukuu lilivyozidi kukosa cha kurudisha.

Upande wa machimboni

Simulizi nyingi za kiufundi huishia kiwandani, nami sitaki kuishia hapo. Bati lililookolewa kwa ampea halikupunguza shinikizo kwa wachimbaji. Washirika walihitaji kila kilo iliyoweza kutoka Bolivia, Nigeria na Kongo, na waliitafuta kwa nguvu.

Kwenye uwanda wa juu wa Jos, Waingereza walitumia sheria ya kulazimisha kazi kati ya 1942 na 1944. Zaidi ya wanaume 100,000 walitolewa vijijini kaskazini mwa Nigeria na kupelekwa machimboni, watu wasiozoea baridi ya uwanda ule wala kazi ile, katika kambi zisizo na chakula cha kutosha. Wengi waliugua na wengi walikufa, na bati lililoongezeka lilikuwa dogo. Mashamba waliyoyaacha yalikosa wakulima.

Huko Bolivia, wachimbaji wa Catavi, katika migodi ya tajiri Simón Patiño, waligoma mnamo Desemba 1942 wakidai mishahara. Tarehe 21 jeshi liliwafyatulia risasi pamoja na wake zao na watoto. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Uwanja walipoangukia unaitwa kwa jina la María Barzola, mwanamke aliyekuwa mstari wa mbele.

Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na bati Manono, Maniema na Kivu, maeneo ambayo lugha ya kazi ilikuwa, na bado ni, Kiswahili. Mgodi wa Manono uliendeshwa kwa umeme wa maji ya mto Luvua. Mwaka 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, kwa ajili ya mazao ya vita na mpira. Ukichanganya na mikataba ya migodi, kulikuwa na familia ambazo nguvu zao zote za mwaka zilichukuliwa na vita ambavyo havikuanzia kwao. Siwezi kuzisoma zile hesabu za gramu 28 na gramu 11 bila kuwaweka watu hawa kando yake. Bati la kila gramu lilikuwa na mtu aliyelichimba, na katika miaka ile mara nyingi hakuulizwa.

Baada ya 1945

Vita vilipokwisha, bati la Malaya lilianza kurudi sokoni, lakini mitambo haikubomolewa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, zaidi ya nusu ya chuma cha makopo nchini Marekani kilipakwa kwa umeme. Wales, iliyoishi kwa kuchovya kwa zaidi ya miaka 200, ilipata mtambo wake wa kwanza wa umeme Ebbw Vale mwishoni mwa miaka ya 1940, na viwanda vidogo vya vyungu vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Jambo ambalo kuchovya hakukuweza kulitoa kamwe lilikuja katika miaka hiyo ya baada ya vita. Ndani ya tangi, kila upande wa utepe una nondo zake na ampea zake. Kwa hiyo unaweza kuupa upande mmoja bati jingi na mwingine kidogo, katika safari moja. Upande wa ndani wa kopo la nyanya ukapata akiba yake, na wa nje ukapata kifuniko tu. Kwa macho pande hizo mbili hazitofautiani, kwa hiyo bamba la namna hiyo huchorwa mistari upande mmoja kiwandani, ili anayekunja makopo ajue upi utazame chakula.